Sheria ya Hofu: Walowezi, Viongozi na Askari wa Georgia, 1733–1782

Kati ya makoloni 13 ya Uingereza yaliyoungana baadaye kuwa Marekani, Georgia lilikuwa la mwisho kuanzishwa, na ndilo pekee ambalo waasisi wake waliupiga marufuku kwa sheria utumwa wa watu weusi. Sheria hiyo ilianza kutumika mwaka 1735 na kufutwa baada ya miaka 15 hivi, na kwa muda mrefu imesimuliwa kama tendo la huruma la Jenerali James Edward Oglethorpe, mwasisi mashuhuri wa koloni hilo. Hata hivyo, jina lenyewe la sheria lilitaja kusudi jingine, nalo ni kulifanya koloni liweze kulindwa kwa urahisi zaidi dhidi ya adui. Ilikuwa sheria ya kijeshi kabla ya kuwa sheria ya maadili, na mtu akifuatilia maisha ya walowezi, machifu na askari walioishi chini yake ataelewa kwa nini ilipitishwa na kwa nini haikudumu.

Oglethorpe alizaliwa London mwaka 1696 na kuingia Bungeni mwaka 1722. Rafiki yake Robert Castell, aliyefungwa kwa sababu ya madeni, alipokufa kwa ndui gerezani mwishoni mwa mwaka 1728, Oglethorpe aliongoza kamati ya Bunge iliyochunguza hali ya magereza, na katika kazi hiyo ndipo lilipozaliwa wazo la kuwapatia Waingereza maskini ardhi ng'ambo ya Atlantiki. Mwaka 1732 Mfalme George wa Pili alitoa hati iliyoliweka koloni jipya mikononi mwa Wadhamini, yaani baraza la watu waliokabidhiwa kulisimamia kwa miaka 21 bila mshahara, bila cheo cha malipo na bila kumiliki hata kipande cha ardhi ndani yake. Inasemwa mara nyingi kwamba Georgia ilijengwa na wafungwa wa madeni. Ukweli ni kwamba waliotoka gerezani kwenda huko walikuwa wachache mno, na wengi wa abiria wa meli ya kwanza, iliyoitwa Anne, walikuwa mafundi na wachuuzi wadogo waliokwama kimaisha.

Mwasisi mwenyewe hakuwa mtu wa upande mmoja. Wakati wa maandalizi ya safari alikuwa naibu gavana wa Kampuni ya Kifalme ya Afrika, iliyokuwa na historia ndefu ya kununua na kuuza watu katika pwani ya Afrika Magharibi. Katika miaka hiyohiyo aliletewa barua iliyoandikwa kwa Kiarabu na Ayuba Suleiman Diallo, Mwislamu msomi kutoka Senegambia aliyekuwa ameuzwa utumwani Maryland na aliyekuwa akijaribu kumwandikia baba yake. Barua ilipokwisha kufasiriwa huko Oxford, Oglethorpe aliahidi kulipa pauni 45 ili mwandishi wake akombolewe, na kabla ya mwaka 1732 kwisha alikuwa ameuza hisa zake na kujitoa katika kampuni. Haitakuwa haki kusema kwamba dhamiri yake ilikuwa imelala, lakini haitakuwa haki pia kuihesabia dhamiri hiyo yale yaliyotokana na hesabu za askari.

Meli ya Anne ilipofika, Oglethorpe aliwapeleka walowezi wapatao 114 kwenye mwinuko ulio juu ya Mto Savannah, wakatua tarehe 12 Februari 1733 kwa kalenda ya sasa. Mahali hapo hapakuwa patupu. Palikuwa na kijiji cha Wayamacraw, watu wapatao 200 wenye asili ya Wacreek na Wayamasee, chini ya Tomochichi, aliyekuwa mico, cheo kinacholingana na chifu. Mzee huyo alikuwa amefarakana na ndugu zake wa Creek, na alihitaji biashara na mshirika kama vile Waingereza walivyohitaji ardhi. Mapatano yao yalikuwa ya watu wawili wanaojua wanachokitafuta. Mwaka 1734 alikwenda London pamoja na mkewe Senauki na mpwawe Toonahowi, akapokewa na Mfalme katika Kasri la Kensington, ambako alimkabidhi manyoya ya tai, ishara ya amani. Alipofariki mwaka 1739 alizikwa katikati ya mji wa Savannah, na Oglethorpe alikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza. Mwaka 1883 mji huohuo ulijenga mnara wa tajiri mmoja wa reli mahali palipokuwa na kaburi hilo, na chifu akaja kukumbukwa baadaye kwa jiwe kubwa lililowekwa pembeni.

Mazungumzo yote hayo yalipita kinywani mwa mwanamke mmoja. Coosaponakeesa, aliyejulikana kwa Waingereza kwa jina la Mary Musgrove, alizaliwa karibu na mwaka 1700 na mama wa Creek na baba mfanyabiashara wa Kiingereza, na alikuwa na duka la kununulia ngozi za paa karibu na kijiji cha Tomochichi. Alikuwa mkalimani, mjumbe na mtoa chakula wa koloni katika miaka yake migumu, na alipokuwa na mashaka na malipo yake aliyadai bila haya. Mwaka 1749, pamoja na mume wake wa tatu, kasisi Thomas Bosomworth, aliingia Savannah akifuatana na kundi la wapiganaji wa Creek kudai visiwa vitatu alivyopewa na machifu, akatiwa ndani kwa muda, na shauri lake likaendelea kwa miaka kumi zaidi hadi alipokubaliwa kukimiliki kisiwa cha St. Catherines na kulipwa pauni 2,100. Wanahistoria wa zamani walimwita mkorofi. Kiongozi wa kiume mwenye madai ya namna hiyo angeitwa mwanasiasa.

Mji wenyewe ulipangwa kama kambi. Kila mtaa wa Savannah ulikuwa na uwanja wazi katikati, viwanja 40 vya nyumba vilivyogawanywa katika makundi manne ya kumi kumi, na viwanja vinne vya majengo ya umma. Familia kumi za kundi moja zilitoa wanaume wa zamu ya ulinzi. Kila mwanamume aliyepelekwa kwa gharama ya Wadhamini alipewa ekari 50, yaani kiwanja mjini, bustani nje kidogo, na shamba mbali zaidi, lakini hakuruhusiwa kuiuza ardhi hiyo, wala binti yake hakuweza kuirithi, kwa kuwa nyuma ya kila jembe alitakiwa kuwapo mwanamume wa kushika bunduki. Ramu, pombe kali ya miwa, ilipigwa marufuku pia, ingawa marufuku hiyo haikuwahi kutekelezwa kwa dhati. Wadhamini walitarajia hariri, wakaagiza miforsadi ipandwe kila mahali, lakini mafanikio yalikuwa haba, isipokuwa kwa kiasi fulani huko Ebenezer, kwa Walutheri waliofukuzwa Salzburg kwa ajili ya dini yao na kuongozwa na mchungaji Johann Martin Boltzius. Walikuja pia Wayahudi 42 mwezi Julai 1733, wakati homa ilikuwa ikiua walowezi na daktari wa koloni akiwa amekwisha kufa. Kati yao alikuwamo tabibu Samuel Nunes kutoka Ureno, ambaye aliwatibu wagonjwa, na Oglethorpe akawaruhusu wabaki japo Wadhamini hawakupendezwa.

Adui aliyekusudiwa na sheria ya mwaka 1735 alikuwa Florida ya Wahispania. Tangu mwaka 1693 mfalme wa Hispania alikuwa ameahidi uhuru kwa mtumwa yeyote atakayetoroka kutoka makoloni ya Kiingereza na kuupokea Ukatoliki, na mwaka 1738 gavana wa St. Augustine, Manuel de Montiano, aliwajengea watoro hao mji na ngome kaskazini ya mji wake, mahali palipoitwa Mose. Kapteni wa wanamgambo wa Mose alikuwa Francisco Menéndez, Mmandinka aliyekuwa mtumwa huko Carolina Kusini, akapigana upande wa Wayamasee katika vita vya mwaka 1715, kisha akakimbilia kusini. Carolina Kusini, ambako watu weusi walikuwa wengi kuliko weupe, ililipa gharama ya ahadi hiyo mwezi Septemba 1739, pale watumwa wa eneo la Mto Stono walipochukua silaha, wakaua weupe zaidi ya 20 na kushika njia ya kuelekea Florida kabla ya kuzingirwa. Georgia ilikuwa imewekwa katikati makusudi, ili iwe ukuta. Ukuta uliojaa watumwa ungekuwa mlango.

Hoja hiyo ilielezwa kwa uwazi zaidi na askari wenyewe. Mwaka 1736 Waskoti wa nyanda za juu, wakiongozwa na John Mohr McIntosh, walianzisha Darien kwenye Mto Altamaha, mstari wa mbele kabisa wa koloni, na Januari 1739 wanaume 18 kati yao walitia saini ombi la kutaka utumwa usiruhusiwe. Walisema kwamba Wahispania wako karibu, kwamba watumwa watatoroka, na kwamba mlowezi angelazimika kulinda nyumba yake dhidi ya adui wa ndani na wa nje kwa wakati mmoja. Mwishoni ndipo walipoongeza kwamba kuwahukumu watu utumwa wa milele, wao na vizazi vyao, ni jambo la kutisha. Wapinzani wao wa Savannah, kundi la manung'uniko lililoongozwa na Patrick Tailfer, walidai kwamba Waskoti walihongwa ng'ombe. Kundi hilo lilitaka ardhi inayouzika na watumwa kama majirani zao ng'ambo ya mto.

Vita na Hispania vilipozuka, Oglethorpe aliivamia Florida mwaka 1740, akaikuta Mose imehamwa na kuweka humo kikosi chenye Waskoti wengi wa Darien. Alfajiri moja ya mwezi Juni wanajeshi wa Hispania, wakiwamo wanamgambo weusi wa Menéndez, waliirudia ngome yao na kukiangamiza kikosi hicho. McIntosh alitekwa na kupelekwa Hispania. Miaka miwili baadaye Montiano alileta askari wapatao 2,000 katika kisiwa cha St. Simons, ilipokuwa ngome ya Frederica. Oglethorpe, aliyekuwa na watu pungufu ya nusu ya hao, aliwarudisha nyuma katika mapigano mawili ya vichakani, pambano la pili likijulikana kama la Kinamasi cha Damu, kisha akatumia barua ya uongo, iliyokusudiwa kuangukia mikononi mwa adui, kuwaaminisha kwamba meli za msaada zinakuja. Wahispania waliondoka, na mwaka 1743 yeye pia akaondoka, asirudi tena.

Ushindi huo ndio ulioiua sheria, kwa sababu uliondoa hofu iliyokuwa roho yake. Kikosi cha Oglethorpe kilivunjwa mwaka 1749, na Frederica, mji ulioishi kwa mishahara ya askari, ukaanza kudhoofika. Mhubiri George Whitefield, aliyejenga kituo cha yatima cha Bethesda, na mfanyabiashara James Habersham walitetea utumwa waziwazi. Boltzius, aliyeupinga kwa miaka, alisalimu amri. Kuanzia 1751 watumwa waliruhusiwa, kwa sharti kwamba kila wanaume wanne weusi wawe na mwanamume mweupe mmoja karibu nao, sharti linaloonyesha kwamba mazoea ya uangalizi yalikuwa hayajafa. Mpunga na nili vikatanda kwenye nyanda za pwani, na gavana wa kifalme, James Wright, akafikia kumiliki mashamba 11 na watumwa zaidi ya 500. Kufikia mwaka 1775 karibu nusu ya wakazi wa Georgia walikuwa watumwa. Lachlan McIntosh, mwana wa John Mohr, alikuwa mwenye shamba la mpunga lililolimwa nao, na bado Januari 1775 aliwaongoza watu wa Darien kupitisha azimio la kuulaani utumwa; jina lake limebaki vitabuni zaidi kwa pambano la bastola la mwaka 1777, alipomjeruhi Button Gwinnett, mmoja wa watu watatu wa Georgia waliotia saini Tangazo la Uhuru, na kusababisha kifo chake.

Katika vita vya uhuru vilivyofuata, tarehe 29 Desemba 1778 jeshi la Uingereza likiongozwa na Archibald Campbell lilitua karibu na Savannah kuwakabili wanamapinduzi wa Jenerali Robert Howe, waliokuwa wameziba barabara kuu na kuziegemeza pande zao kwenye kinamasi. Mtumwa mzee aitwaye Quamino Dolly alimwonyesha Campbell kijia kilichopenya kinamasini, askari wepesi wakapita humo na kutokea nyuma ya Wamarekani, na mji ukaanguka siku hiyohiyo, mamia wakitekwa. Wright alirudi kutawala mwaka uliofuata. Waingereza walipoondoka Julai 1782 waliondoka na maelfu ya watu weusi, wengi wao wakiwa mali ya mabwana watiifu kwa mfalme waliohamia Florida ya Mashariki na Jamaika, na wachache wakiwa watu huru, akiwamo mhubiri George Liele. Andrew Bryan, aliyebatizwa naye, alibaki Savannah na kuliongoza kanisa la Wabaptisti weusi lililotambuliwa rasmi mwaka 1788, wakati yeye mwenyewe angali mtumwa.