Silinda za nta za Lindi, na hedifoni unayotaka kununua

Ukianzisha podikasti, utafika mapema kwenye swali hili: ununue hedifoni zilizozibwa nyuma, au zile za wazi zenye matundu? Wengi tunaamua kwa bei. Hebu leo tuamue kwa historia, na tuanzie Lindi.

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtaalamu wa jumba la makumbusho la Leipzig, alishuka bandarini Lindi. Moto wa Maji Maji ulikuwa haujazimika kabisa. Alibeba kamera, mashine ya sinema na fonografu, akapanda bara mpaka Masasi na Newala akirekodi nyimbo za Wayao, Wamakua, Wamakonde, hata za wapagazi wake Wanyamwezi. (Mwenye mashine alikuwa mgeni wa serikali iliyotoka kuwapiga watu hao hao. Ukisoma habari za safari hiyo, usilisahau hilo.) Nyimbo zilifika Berlin, kwenye hifadhi ya sauti iliyoanzishwa mwaka 1900, na mwaka 1999 UNESCO iliingiza silinda za zamani za hifadhi hiyo kwenye orodha ya Kumbukumbu ya Dunia.

Fonografu ile haikutumia umeme. Mtu anaimba mbele ya bomba pana, hewa inatikisa kiwambo, kiwambo kinasukuma sindano, sindano inachimba mfereji kwenye silinda ya nta. Dakika chache tu, silinda imejaa. Lakini angalia ugumu wake: wakati wa kurekodi, hakuna njia ya kusikia kile ambacho mashine inakisikia. Ukitaka kujua kama sauti imeingia vizuri, inabidi uicheze silinda, na kila ukiicheza sindano inaikwangua nta kidogo. Yaani kukagua kazi yako ni kuiharibu.

Hedifoni ndiyo iliyoondoa balaa hilo. Mwaka 1910 Nathaniel Baldwin wa Utah, Marekani, alikuwa akizitengeneza kwa mkono jikoni kwake na kuliuzia jeshi la wanamaji. Kisha mwaka 1968 kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ikatoa HD 414, hedifoni nyepesi yenye sponji, iliyo wazi nyuma. Watu waliipenda mno.

Mwaka huo huo wa 1968, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa wakikusanya ushuhuda wa wazee kuhusu Maji Maji, vita vilivyoanza Julai 1905 huko Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi, Kilwa. Piga hesabu: kijana wa miaka 15 wakati pamba inang'olewa Nandete alikuwa na miaka 78 anapohojiwa. Huyo humwambii arudie wiki ijayo kwa sababu sauti haikutoka vizuri.

Sasa turudi dukani. Kiwambo cha hedifoni kinasukuma hewa pande mbili: mbele kuelekea sikio, na nyuma. Ukiziba nyuma, hewa inabanwa ndani ya kikombe, na mara nyingi besi inavimba kuliko ilivyo kweli. Ukiacha wazi, hewa inapita na sauti inatulia, kama msemaji yuko mbele yako chumbani. Kwa kusikiliza tu, mimi nazipenda za wazi.

Kwa kurekodi, hapana. Kwanza zinavuja. Kama mgeni wako yuko Dar na mnaongea kwa intaneti, sauti yake itatoka nyuma ya hedifoni na kuingia kwenye maiki yako ikiwa imechelewa kidogo, na mwangwi huo kuutoa baadaye ni kazi kweli kweli. Pili, na hili ndilo linaloniumiza zaidi, kelele za nje nazo zinaingia. Feni inazunguka, bodaboda inapita, upepo wa bahari unapiga bati: unavisikia vyote, lakini hujui kama vimo kwenye rekodi au vimo chumbani tu. Umerudi pale pale alipokuwa Weule na bomba lake.

Kwa hiyo kama pesa ni ya moja, nunua zilizozibwa. Ndiyo, kwa joto la Kilwa masikio yatatoka jasho, zivue mkipumzika. Za wazi zitakufaa siku ukiwa na chumba kimya cha kuhariria usiku, maana hapo hakuna maiki ya kuvujia.

Na ukienda kumhoji bibi kijijini, usimvishe yeye chochote. Vaa wewe. Kabla ya swali la kwanza rekodi sekunde 30 za kimya, sikiliza, na ukisikia mvumo, omba feni izimwe.