Mwenye Nyumba Anapotofautiana na Fundi Umeme: Wajibu wa Kila Upande na Njia za Kudai Haki

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Ukonga ni miongoni mwa maeneo ya pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam ambako nyumba nyingi hujengwa kwa awamu. Mwenye nyumba huinua chumba kimoja, akahamia, kisha akaendelea na vingine kadiri fedha zinavyopatikana. Katika ujenzi wa aina hii yeye ndiye msimamizi, mhasibu na mlinzi wa vifaa. Kazi ya umeme hutolewa kwa makubaliano ya mdomo, malipo ya awali hutumwa kwa simu ya mkononi, na fundi huanza kazi siku inayofuata bila karatasi yoyote kuandikwa. Kazi ikikamilika vizuri, utaratibu huo hauna madhara yanayoonekana. Ikiharibika, pande zote mbili hujikuta hazina cha kushika.

Tuchukue mfano wa kubuni, ingawa wakazi wengi watautambua. Mwenye nyumba anakubaliana na fundi amfungie kiyoyozi chumbani, hita ya maji bafuni na nyaya za vyumba viwili vipya kwa shilingi 1,800,000, vifaa vikiwemo, isipokuwa hita ambayo ameinunua mwenyewe kwa shilingi 180,000. Analipa shilingi 1,300,000 na kubakiza shilingi 500,000. Baada ya wiki tatu brekaa inajikata kila hita inapowashwa, bomba la bafuni linapiga shoti, na hatimaye hita inaungua. Fundi anasema tatizo ni umeme mdogo na hita isiyo na ubora. Mwenye nyumba anataka arudishiwe fedha zote. Fundi naye anadai salio lake.

Kabla ya swali la nani mwenye haki, lipo suala la usalama. Bomba linalopiga shoti ni dalili ya hatari kubwa, na mara nyingi hutokana na kukosekana kwa ethi, yaani waya unaopeleka ardhini umeme unaovuja. Swichi kuu izimwe na bafu lisitumike hadi mtu mwenye sifa akague. Moto ukitokea, namba ya dharura ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Kuhusu chanzo cha hitilafu, hesabu ndogo husaidia. Umeme wa majumbani nchini ni wa volti 230. Hita ya bafuni inayochemsha maji papo kwa papo, yenye wati 5,500, huvuta takriban ampea 24. Waya wa milimita mraba 1.5 ambao kwa kawaida hutumika kwenye taa haukukusudiwa kubeba mzigo huo kwa muda mrefu. Hupata joto, ganda lake hulainika, na ajali huwa inasubiri muda. Hita ya aina hiyo huhitaji waya mnene zaidi unaotoka moja kwa moja kwenye brekaa yake, pamoja na ethi iliyofungwa sawasawa. Mkaguzi akikuta waya wa taa umetumika kwenye hita, maelezo ya fundi kuhusu umeme mdogo hupungua uzito. Akikuta waya sahihi na ethi nzima, basi huenda hita yenyewe ndiyo mbovu na fundi hana kosa. Uwezekano huo wa pili mwenye nyumba hapaswi kuupuuza kwa sababu tu ya hasira.

Malalamiko mengi ya aina hii hupelekwa kwanza TANESCO, na huko si mahali pake. Wajibu wa shirika hilo kuhusu miundombinu huishia kwenye mita. Nyaya za ndani ni mali ya mwenye nyumba na usalama wake ni wajibu wake. TANESCO huhusika pale mteja mpya anapoomba kuunganishwa, kwani ombi huambatana na mchoro wa mfumo wa umeme wa nyumba uliosainiwa na mkandarasi mwenye leseni.

Leseni hiyo hutolewa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) kwa mujibu wa Sheria ya Umeme ya mwaka 2008. Hutolewa kwa madaraja kulingana na elimu, uzoefu na ukubwa wa kazi ambayo mhusika anaruhusiwa kuifanya. Cheti cha mafunzo ya ufundi kutoka VETA ni jambo jema na mafundi wengi wazuri wanacho, lakini si leseni. Cheti huthibitisha kwamba mtu amefundishwa. Leseni humruhusu kufanya kazi na kumfanya awajibike kwa mdhibiti. Kampuni zinazojihusisha na ukandarasi, ukiwemo wa umeme na wa mitambo, zina wajibu pia wa kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB), iliyopo kwa mujibu wa Sheria ya Usajili wa Makandarasi ya mwaka 1997.

Tofauti hii ina athari ya moja kwa moja kwa mlalamikaji. Fundi mwenye leseni anaweza kulalamikiwa EWURA, na mamlaka hiyo inaweza kumchukulia hatua, ikiwemo kumsimamishia au kumfutia leseni. Kwa asiye na leseni hakuna cha kufutwa. Lipo pia jambo la muhuri wa kuazima: aliyefunga nyaya ni mmoja na aliyegonga muhuri kwenye mchoro ni mwingine ambaye hakuwahi kufika kwenye nyumba. Mwenye nyumba akikuta hali hiyo, ajue kwamba aliyesaini ndiye aliyethibitisha kazi mbele ya mdhibiti, na jina lake liandikwe kwenye malalamiko sambamba na la aliyefanya kazi.

Uhusiano kati ya wawili hao unaongozwa na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Chini ya sheria hiyo makubaliano ni mkataba yakifanywa kwa hiari na watu wenye uwezo kisheria wa kuingia mkataba, kwa malipo halali na kwa lengo halali. Kwa kazi ya aina hii maandishi si sharti. Makubaliano ya mdomo nayo ni mkataba. Ugumu wake ni kuthibitisha kilichokubaliwa. Aidha, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inaweka ndani ya mikataba ya walaji masharti ambayo hayahitaji kutamkwa, likiwemo la huduma kutolewa kwa uangalifu na ustadi unaostahili. Fundi hawezi basi kujitetea kwamba hakuahidi kufunga ethi. Hakuhitaji kuahidi.

Eneo ambalo wengi hukosea ni kiasi cha madai. Mwenye nyumba katika mfano wetu anataka shilingi 1,300,000 zote. Lakini kiyoyozi kinafanya kazi na taa za vyumba viwili zinawaka. Kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba kinampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya hasara iliyotokana kwa kawaida na uvunjaji huo, au ambayo pande zote zilijua tangu mwanzo kwamba ingeweza kutokea. Hasara ya mbali haifidiwi. Lengo ni kumweka mlalamikaji mahali ambapo angekuwa kama kazi ingefanyika ipasavyo. Fidia haikukusudiwa kumpa kazi ya bure.

Hesabu yake basi iwe hivi. Mkandarasi mwingine mwenye leseni anataka shilingi 650,000 kurekebisha kasoro. Ukijumlisha na shilingi 1,300,000 alizokwisha kulipa, kazi itamgharimu shilingi 1,950,000 badala ya 1,800,000 walizokubaliana. Hasara hapo ni shilingi 150,000. Ongeza hita iliyoungua, shilingi 180,000, iwapo itathibitika kwamba iliungua kwa sababu ya ufungaji mbovu. Dai lake halali ni shilingi 330,000, na salio la shilingi 500,000 analolidai fundi limekwisha kuingizwa ndani ya hesabu hiyo. Gharama ya ukaguzi inaweza kuombwa pia. Kiasi hicho ni kidogo kuliko alichokuwa akikitaja kwa majirani, lakini ndicho anachoweza kukitetea mbele ya hakimu, na mara nyingi ndicho fundi anaweza kukilipa.

Sheria hiyo hiyo inataka njia zilizokuwepo za kupunguza hasara zizingatiwe. Mwenye nyumba aliyeendelea kuwasha hita kwa mwezi mzima huku brekaa ikijikata atapata shida kudai hasara yote. Vivyo hivyo, aliyekataa kumruhusu fundi arudi kurekebisha atatakiwa aeleze sababu. Kumpa fundi nafasi ya kurekebisha kwa muda maalumu ni busara hata pale uaminifu umepungua, ilimradi kazi hiyo isimamiwe.

Ushahidi ukusanywe kabla chochote hakijafunguliwa au kubadilishwa. Picha za nyaya, brekaa na hita zipigwe mahali zilipo. Mkandarasi mwingine mwenye leseni akague na aandike taarifa yenye tarehe, jina, namba ya leseni na sahihi, akieleza alichokiona na si maoni yake juu ya tabia ya mwenzake. Vifaa vilivyoungua vihifadhiwe. Ujumbe wa simu, mazungumzo ya WhatsApp na kumbukumbu za malipo ya simu visifutwe, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu kumbukumbu za kielektroniki kupokelewa mahakamani kwa kuzingatia masharti yake. Risiti za vifaa, hususan za mashine za EFD, huonesha aina ya waya uliolipiwa, na hapo ndipo udanganyifu wa unene wa waya hubainika.

Baada ya hapo iandikwe barua ya madai. Haihitaji lugha kali. Itaje tarehe ya makubaliano, kazi iliyokubaliwa, fedha zilizolipwa, kasoro zilizobainika, kinachotakiwa na muda wa kutekeleza, kwa mfano siku 14. Nakala ibaki kwa mwandishi, na uwepo uthibitisho wa kupokelewa. EWURA nayo hutarajia mlalamikaji awe amewasiliana kwanza na mtoa huduma.

Ofisi ya Serikali ya Mtaa ni mahali pazuri pa kuwakutanisha wahusika. Mwenyekiti au mtendaji wa mtaa anaweza kuwasuluhisha na makubaliano yakaandikwa na kusainiwa mbele ya mashahidi. Baraza la Kata pia lina jukumu la usuluhishi kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1985. Ofisi ya mtaa si mahakama. Haiwezi kumlazimisha fundi kulipa wala kushikilia vifaa vyake. Hata hivyo, maandishi yatokanayo na kikao hicho yana thamani kubwa mbele ya safari, kwani fundi aliyekiri kasoro mbele ya mwenyekiti hawezi kuikana kirahisi baadaye.

Wapo wanaokimbilia polisi. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na aliyechukua malipo ya awali kwa jina la uongo kisha akatoweka anastahili kuripotiwa. Kufanya kazi vibaya ni jambo jingine. Hilo ni shauri la madai, na kituo cha polisi si chombo cha kukusanya madeni.

Usuluhishi ukishindikana, Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai ya fedha yatokanayo na mkataba yasiyozidi shilingi milioni 30. Mashauri huendeshwa kwa Kiswahili, na mtu anaweza kufungua shauri bila wakili. Mdaiwa anaweza kuleta madai kinzani katika shauri hilo hilo, hivyo mwenye nyumba aende akiwa tayari kujibu kuhusu salio. Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Chini ya Sheria ya Ukomo, Sura ya 89, madai ya mkataba yana muda wa miaka 6, lakini ni nadra ushahidi wa nyaya kubaki salama muda wote huo. Asiyeridhika na uamuzi hukata rufaa Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30.

Hukumu ikitoka, bado kuna utekelezaji. Mahakama inaweza kuamuru mali ya mdaiwa ikamatwe na kuuzwa, lakini ni lazima mdaiwa ajulikane alipo na mali yake itambulike. Hii ndiyo sababu jina kamili, makazi na namba ya leseni ya fundi vinapaswa kuandikwa siku ya makubaliano, kabla ya malipo ya kwanza. Ikumbukwe pia kwamba Sheria ya Mwenendo wa Madai, inayotumika Mahakama ya Wilaya na kuendelea, inakinga zana za kazi za fundi zisikamatwe kwa ajili ya deni. Kwa fundi ambaye mali yake ni mkoba wa vifaa tu, makubaliano ya kulipa kwa awamu yaliyosajiliwa mahakamani huleta fedha mapema kuliko amri ya kukamata mali.