Usalama wa kiutendaji

Usalama wa kiutendaji ni tawi la usalama wa viwanda linalohusu mifumo ya kiotomatiki inayotambua hatari na kuidhibiti, kwa mfano kwa kufunga vali presha ya gesi inapozidi. Mfumo huo huwa na vihisi, kifaa cha kufanya maamuzi na vali au swichi, na kwa kawaida hutenganishwa na mfumo wa kila siku wa kuendesha mtambo.

Msingi wake ni kiwango cha kimataifa cha IEC 61508, kilichoanza kutolewa mwaka 1998. Viwanda vya uchakataji vina kiwango chao, IEC 61511, cha mwaka 2003, kilichotolewa upya mwaka 2016. Kazi za usalama hupangwa katika madaraja ya uthabiti wa usalama (SIL), kuanzia SIL 1 hadi 4: SIL 1 hupunguza hatari angalau mara 10, na SIL 2 angalau mara 100.

Kampuni za ukubwa wa kati hurahisisha utekelezaji kwa kuchambua kwanza tabaka za ulinzi zilizopo, ili kubaini kazi chache zinazohitaji SIL. Hutumia pia vifaa vilivyothibitishwa, michoro ya aina moja na ratiba ya majaribio ya mara kwa mara. Hata hivyo, wajibu wa kutathmini hatari haupunguzwi.

Taaluma hii ina umuhimu mkubwa katika Bonde la Ruvuma. Upande wa Msumbiji, Wilaya ya Palma ina mradi wa gesi wa Afungi. Mtambo unaoelea wa Coral Sul ulianza kusafirisha gesi Novemba 2022. Upande wa Tanzania, gesi ya Mnazi Bay huchakatwa Madimba, Mtwara.