Milki na Ufunguo: Asili ya Ada katika Motokaa za Umeme

Neno kununua hutamkwa kila siku sokoni, dukani na bandarini, wala hapana anayeulizwa maana yake. Mtu atoapo fedha akapewa kitu, kitu kile huwa chake: aweza kukitumia, kukiazimisha, kukirithisha, kukiuza, hata kukivunja. Wanachuoni wa sheria katika pwani yetu walizoea kutenga bei na ijara kwa mpaka ulio wazi. Katika bei, kitu huhama mkono pamoja na manufaa yake yote; katika ijara, manufaa hutolewa kwa muda, na kitu chenyewe hubaki kwa mwenyewe. Insha hii yakusudia kutazama jinsi mpaka huo ulivyofifia katika biashara ya motokaa za umeme, na kuuliza kama jambo hilo ni jipya kama linavyodhaniwa.

Na tuanze na kisa kimoja. Mnamo mwezi wa Septemba, 2017, tufani iliyoitwa Irma ilikuwa ikielekea jimbo la Florida, Marekani, na watu kwa maelfu walipakia vyombo vyao wakashika njia ya kaskazini. Miongoni mwao walikuwamo wenye motokaa za umeme za Tesla, namna ya Model S iliyouzwa kwa jina la 60. Mmoja wao aliiomba kampuni imwongezee mwendo. Kampuni haikutuma fundi wala betri. Ilituma amri kwa njia ya mawimbi, na motokaa za namna ile katika jimbo lile zikapata uwezo wa kwenda maili 30 hivi zaidi, mpaka tarehe 16 ya mwezi ule. Walionufaika walishukuru, na kushukuru kwao kulikuwa haki. Lakini msomaji wa historia hana budi kuuliza: nguvu ile ilitoka wapi, na kabla ya kutolewa ilikuwa ya nani?

Jibu la swali la kwanza ni jepesi. Nguvu ile ilikuwamo motokani tangu siku ya kununuliwa. Mwaka wa 2016 kampuni ilianza kuuza motokaa yenye betri ya kilowati-saa 75, ikaifunga kwa programu ili itumike kama kwamba ina kilowati-saa 60. Aliyetaka sehemu iliyobaki alitakiwa kulipa fedha ambazo hapo mwanzo zilifika dola 9,000. Wala hilo halikuwa la kwanza, maana mwaka wa 2013 watu waliokuwa wameagiza betri ya 40 walipewa betri ya 60 iliyofungwa ifanye kazi ya 40. Basi mnunuzi aliibeba betri nzima kila alikokwenda, na uzito wake wote alikuwa akiuvuta kwa umeme alioulipia mwenyewe, bali sehemu ya betri ile haikumtii. Swali la pili, la mwenyewe ni nani, ndilo gumu, nalo lataka turudi nyuma kidogo.

Kuzuia manufaa ambayo kuyatoa hakumgharimu mtoaji ni hila ya zamani. Mwaka wa 1849 mhandisi Mfaransa Jules Dupuit aliandika habari za mabehewa ya daraja la tatu yaliyokuwa hayana paa. Alieleza kwamba kampuni ya reli haikuyaacha wazi kwa sababu ya kuona paa ni ghali. Iliyaacha wazi ili mwenye uwezo wa kulipa nauli ya daraja la pili aogope mvua asiteremke daraja. Maskini aliloweshwa ili tajiri atishwe. Hata hivyo, behewa lilikuwa mali ya kampuni, na abiria alilipanda huku akijua hivyo.

Karne ya ishirini ilileta namna nyingine, yaani mtambo usiouzwa. Kampuni ya United Shoe Machinery, iliyoundwa mwaka wa 1899, na ambayo kiwanda chake kikubwa kilikuwa Beverly katika jimbo la Massachusetts, ilitengeneza mitambo ya kushonea viatu, nayo iliyo bora ilikataa kabisa kuiuza. Mwenye kiwanda aliikodi kwa mkataba wa miaka mingi, akafungwa kwa masharti. Mojawapo lilimtaka autumie mtambo ule kwa kadiri yote ya uwezo wake muda wa kuwako kazi. IBM nayo ilikodisha mashine za kuhesabia, ikiwashurutisha waliozikodi watumie kadi za IBM peke yake, mpaka Mahakama Kuu ya Marekani ilipolikataza sharti hilo mwaka wa 1936. Mwaka wa 1959 ikatokea mashine ya Xerox 914 ya kunakili hati, iliyokodishwa kwa dola 95 kwa mwezi pamoja na nakala 2,000, na kila iliyozidi ikalipiwa senti kadhaa.

Motokaa za umeme zenyewe zilikwisha onja desturi hii mapema. Katika mji wa Hartford, Connecticut, kati ya 1910 na 1924, kampuni ya umeme iliwahudumia wenye malori kwa mpango ulio kama ifuatavyo. Mtu alinunua lori lisilo na betri. Betri ilikuwa ya kampuni. Ikiisha nguvu hutolewa na kutiwa nyingine iliyojaa, na mwenye lori alilipa ada ya mwezi pamoja na malipo ya kila maili aliyokwenda. Malori yale yalikwenda zaidi ya maili milioni sita kwa mpango huo. Miaka mia hivi baadaye, kampuni ya Renault iliuza motokaa ya Zoe huku ikikodisha betri yake, hapo mwanzo kwa euro 79 kwa mwezi. Na mkataba uliipa kampuni haki ya kuizuia betri isijazwe umeme endapo kodi haikulipwa.

Tukiitazama mifano hii kwa pamoja, tutaona kuwa yote, hata iliyokuwa na ukali, ilishika mizani fulani. Aliyekodisha ndiye aliyekuwa mwenyewe. Mtambo wa viatu ukiharibika, fundi wa kampuni aliutengeneza bila ya malipo ya peke yake. Aliyechoka na mashine ya Xerox aliweza kutoa notisi ya siku 15 akairudisha. Betri ya Hartford ikizeeka, uzee ule ulikuwa hasara ya kampuni. Haki ya kutawala ilifuatana na mzigo wa kumiliki, mfano wa kivuli na mti wake.

Hata hivyo sheria haikuridhika. Mwaka wa 1953 Jaji Charles Wyzanski aliamua kesi ya serikali dhidi ya United Shoe Machinery, akaona kuwa kukodisha bila ya kukubali kuuza kulikuwa ukuta uliowazuia washindani na hata mitambo mikuukuu isiingie sokoni; akaamuru kampuni iwauzie wanaotaka kununua. Mahakama Kuu ikathibitisha hukumu ile mwaka wa 1954. Mwaka wa 1956 IBM ikaafikiana na serikali kuwa nayo itauza mashine zake kama inavyozikodisha. Mafunzo ya hukumu hizo yalionekana kuwa dhahiri: mwenye kutaka kuwa mwenyewe apewe nafasi ya kuwa mwenyewe.

Kilichokuja baadaye kiliyapita mafunzo hayo kwa mlango wa nyuma. Mwaka wa 2010 kampuni ya Intel ilijaribu kuuza kompyuta ambazo kitovu chake kilikuwa kimefungwa sehemu ya uwezo, na mnunuzi aliuziwa kadi ya dola 50 yenye namba za siri za kuufungua. Watu walichukizwa, na mwaka uliofuata mpango ukaachwa. Lakini fikira haikufa. Ilikuwa ikingoja kitu kikubwa zaidi cha kukalia, na kitu hicho kilikuwa motokaa ya umeme.

Sababu zake ni mbili. Ya kwanza ni ya ufundi. Katika injini ya petroli, kwa kawaida nguvu ilitafutwa kwa chuma: silinda kubwa zaidi, au mtambo wa kusukumia hewa. Katika mota ya umeme, nguvu hupimwa na kompyuta inayoamuru umeme upite kwa kiasi gani, na tofauti ya motokaa dhaifu na yenye nguvu yaweza kuwa namba moja katika programu. Motokaa hiyo tena huzungumza na kiwanda chake kwa intaneti mchana na usiku. Sababu ya pili ni ya fedha. Motokaa ya umeme haina oili ya injini ya kubadilishwa, na vipuri vyake vinavyochakaa ni vichache. Mapato ya gereji hupungua. Haishangazi, basi, kwamba mwaka wa 2021 General Motors iliwaambia wenye hisa zake kuwa ilitarajia kupata dola bilioni 20 hadi 25 kwa mwaka kutokana na programu na huduma kabla ya kwisha mwongo huu, na Stellantis ikataja euro bilioni 20.

Matokeo yalifuata upesi. Mwaka wa 2021 Mercedes-Benz ilitoa katika Ujerumani motokaa ya EQS ambayo magurudumu yake ya nyuma hupinda kwa nyuzi 4.5, aliyetaka yapinde mpaka nyuzi 10, kwa vyuma vile vile, alipe euro 489 kila mwaka. Mwaka wa 2022 kampuni hiyo hiyo ikatangaza katika Marekani kuwa kwa dola 1,200 kwa mwaka mota itaongezewa kasi: EQE 350 iliyokuwa ikichukua sekunde 6 kutoka kusimama mpaka maili 60 kwa saa, itachukua 5.1. Mwaka wa 2025 Volkswagen ikaweka katika Uingereza ada ya pauni 16.50 kwa mwezi, au pauni 649 mara moja, ili ID.3 itoe nguvu-farasi 228 badala ya 201.

Ni haki kuwasikiliza wenye viwanda. Wao husema kuwa kutengeneza namna moja ya betri au mota ni rahisi kuliko namna tatu, na unafuu huo humfikia mnunuzi. Kwamba asiyetaka kasi halazimishwi kuilipia. Na kwamba anayeinunua motokaa ikiwa kuukuu aweza kujipatia kile ambacho mwenyewe wa kwanza hakukichagua. Husema pia kuwa programu hutengenezwa na watu wanaolipwa. Wahenga walisema vyaelea vimeundwa, na aliyeunda ana ujira wake. Hoja hii ina nguvu ambapo pana kazi inayoendelea, kama ramani zinazorekebishwa kila mara. Lakini je, kuna kazi gani inayoendelea katika kuiacha mota itoe nguvu iliyokuwa nayo tangu ilipotoka kiwandani? Wanunuzi waliliona hilo. BMW ilipotoza ada ya mwezi katika nchi kadhaa kwa ajili ya viti vyenye joto, ambavyo waya zake zilikwisha tiwa, ilipingwa sana, na mwaka wa 2023 ikatangaza kuwa imeacha.

Hapa ndipo upya wa jambo hili ulipo. Kukodisha si kupya, wala kuzuia si kupya. Kipya ni kukodisha kilichokwisha uzwa. Mnunuzi ndiye alipaye bima, ndiye abebaye hasara ya ajali na uchakavu, ndiye avutaye uzito wa kilichofungwa. Mizigo ya milki yote imo mabegani mwake, lakini ufunguo umebaki kiwandani. Mzani wa Hartford umevunjika.

Tena ufunguo huo umelindwa na sheria. Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya mwaka 1998 ilikataza kuvunja kufuli za programu, na kwa maandishi yake ilimgusa hata mwenye motokaa aliyefungua motokaa yake. Mwaka wa 2015 ndipo ulipotolewa msamaha kwa matengenezo na marekebisho halali ya magari, nao hutazamwa upya kila miaka mitatu. Mwenye mali kuomba msamaha wa kuigusa mali yake ni jambo ambalo babu zetu wangelidhani ni fumbo.

Mtu aweza kusema kuwa kugawa milki si kigeni kwetu, maana katika pwani ya Afrika Mashariki mtu huweza kumiliki minazi na ardhi ikawa ya mwingine. Ni kweli, na mfano huo wafaa kupimwa. Mwenye minazi hukwea akaangua. Mwenye ardhi hulima chini yake. Kila mmoja ajua haki ya mwenzake na majirani ni mashahidi. Hapana aliyewahi kumuuzia mtu mnazi mzima, kisha akamtoza ada ya mwezi kwa madafu ya kilele.

Jambo hili litatufikia, na kwa sehemu limekwisha fika. Huko Kigali, tangu 2019, waendesha pikipiki za umeme za Ampersand hubadilisha betri zilizo mali ya kampuni, wakalipia nguvu waliyoitumia. Huo ni mpango wa Hartford uliofufuka, nao una mizani yake. Lililo zito zaidi ni motokaa kuukuu, ambazo ndizo nyingi katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Volkswagen imesema kuwa aliyelipa pauni 649 ameilipia motokaa maisha yake yote, awe mwenyewe ni nani. Hilo ni jema. Lakini mwaka wa 2020 mnunuzi mmoja wa Marekani aliyenunua Tesla kuukuu kwa mfanyabiashara alikuta uwezo wa kujiendesha uliotajwa katika bei umekwisha ondolewa kwa amri ya mbali, akarudishiwa baada ya habari kuenea magazetini. Mnunuzi wa Mombasa, ambaye mauzo yake hayakuandikwa katika daftari la kiwanda cha Ulaya, atamlilia nani?

Wahenga walionya kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo. Walimwonya mtu aliyejua kuwa ameazima. Hawakumfikiria aliyenunua nguo kwa fedha zake, akaivaa miaka kumi, kisha siku ya tufani akagundua kuwa vifungo vyake vimo mkononi mwa mshonaji. Kazi ya wanasheria wa kizazi hiki ni kuamua kama mkataba wa namna hiyo ni bei au ijara. Na ukiwa ijara, mshonaji abebe na mzigo wake.