Plastiki za Hospitali na Maabara: Thamani Iko kwenye Uso Wake

Katoni za visahani vya maabara au mipira ya mkojo huonekana kama mzigo wowote wa plastiki. Lakini anacholipia mnunuzi zaidi ni uso wa plastiki hiyo, uliobadilishwa kiwandani ili ufae kugusana na mwili au chembe hai. Uso ukiharibika njiani, mzigo utafika mzima kwa macho lakini hautafaa kwa kazi.

Uso hubadilishwaje?

Polistireni ni plastiki nafuu na angavu, lakini hukataa maji, na chembe za binadamu hazishiki vizuri juu yake. Kiwandani hupitishwa kwenye plazma, yaani gesi iliyochajiwa kwa umeme. Oksijeni hunasa juu ya uso, maji hutandaa na chembe hushika. Tabaka hilo ni jembamba kuliko unywele kwa maelfu ya mara.

Visahani visivyopitishwa kwenye plazma hutumika kuoteshea bakteria. Aina hizo mbili hufanana; tofauti ni lebo na bei. Oda isipotaja aina, hasara ni ya mwagizaji.

Mpira wa mkojo nao huweza kupakwa utando unaoteleza ukilowa, ili usimkwaruze mgonjwa. Mirija ya mashine ya moyo na mapafu huweza kupakwa heparini, dawa inayozuia damu kuganda.

Alama za kusoma kwenye katoni

- Saa ya mchanga: tarehe ya mwisho wa matumizi
- Jua: weka mbali na jua
- Mwavuli: usilowanishe
- Kipimajoto: mipaka ya joto
- Namba 2 iliyokatwa: tumia mara moja tu
- STERILE R au STERILE EO: imetakaswa kwa mionzi au kwa gesi ya ethilini oksidi

Njiani na mpakani

Kontena lililoegeshwa juani huweza kupita nyuzi joto 50 ndani. Dereva aegeshe kivulini, na foleni ikiwa ndefu mwenye mzigo ajulishwe.

Sirinji na katheta huingia kifungu cha ushuru 9018. Visahani vya plastiki vya maabara kwa kawaida 3926. Vifaa tiba husimamiwa na TMDA nchini Tanzania, PPB nchini Kenya na NDA nchini Uganda, hivyo kibali kitafutwe kabla lori halijaondoka.

Katika ukaguzi, katoni ya nje hufunguliwa. Wakala aombe pakiti ya ndani isichanwe: ikichanwa, kifaa si safi tena.