Nani Aliyeiita Bubu?

Sinema za miaka ya mwanzo tumezoea kuziita filamu bubu. Bubu ni aliyekosa kauli; ndiyo maana kopo la akiba linalomeza sarafu bila kusema likaitwa kibubu. Lakini sinema zile ziliikosa kauli lini? Ufilipino, mwaka 1919, José Nepomuceno alitoa *Dalagang Bukid*, filamu iliyotokana na mchezo wa jukwaani wa nyimbo. Mwigizaji wake, Atang de la Rama, aliimba mwenyewe ukumbini huku picha yake ikipita mbele ya watu. Wajapani nao walikuwa na *benshi*, aliyekaa kando ya picha akiizungumzia.

Kwetu ilikuwa vivyo hivyo. Kati ya 1935 na 1937, Waingereza wawili, Notcutt na Latham, walitengeneza filamu huko Vugiri, katika milima ya Usambara, chini ya mradi wa Bantu Educational Kinema Experiment, na lori likazitembeza Afrika Mashariki. Sauti haikuwa ndani ya filamu. Ilitoka kwenye santuri, au kinywani mwa mtu mwenye kipaza sauti.

Wapo wanaopenda jina filamu kimya. Lina nafuu: kimya ni hali tu, bubu ni ulemavu wa mtu. Hata hivyo, majina yote mawili yanataja kilichokosekana na kumsahau aliyekuwepo.

Huyo aliyekuwepo, watu wa Bungoma wanamjua tangu zamani. Katika khuswala kumuse, desturi ya Wabukusu baada ya mazishi ya mzee, msemaji hutembea katikati ya watu walioketi, fimbo mkononi, akieleza ukoo ulikotoka na kuwaonya walio hai. Sauti moja, miguu inayokwenda na kurudi, na umati usiomkatiza: hilo ni jukwaa kamili, lisilo na mbao hata moja.

Katika vibanda vya video vya Kitale sauti ya namna hiyo ipo bado. Filamu ya Kichina au ya Kihindi inachezwa, na juu yake anasikika DJ Afro akiisimulia. Watazamaji husema muvi imetafsiriwa. Mimi naliona neno hilo dogo mno. Mfasiri hufuata maneno ya mwenzake. Huyu huwabandika wahusika majina mapya, huwatania, humwonya akta kwamba adui yuko nyuma ya mlango. Mkalimani naye amefungwa na kalima, maneno yaliyokwisha kutamkwa. Napendekeza msemeaji, na filamu yake iitwe sinema ya kusemewa.

Najua pingamizi litakalokuja. Mtoto wa Kenya akisema “nitakusemea kwa mama,” anatishia kushtaki. Sioni kama maana hiyo inaliharibu neno. Kumsemea mtu, kwa wema au kwa ubaya, ni kutoa kauli badala yake, na hiyo ndiyo kazi ninayoitafutia jina.

Skrini ibaki kwenye simu. Shuka jeupe lililofungwa kati ya nguzo mbili tuliite kiwambo, kutokana na kuwamba, kazi ya mtengeneza ngoma anapoivuta ngozi juu ya mzinga. Ngozi isipokazwa ngoma hailii. Shuka lisipokazwa uso wa akta unakunjamana. Neno hili tayari limo katika lugha. Linasubiri kutumiwa tu.

Picha jongefu ni istilahi ya vitabuni. Kujongea ni kusogea taratibu, kama mgeni anayeambiwa ajongee mezani, na farasi wa sinema hajongei, anatimka. Neno picha peke yake linatosha.

Akta nisingemgusa. Kwa vijana wa Kenya si mwigizaji yeyote, ni yule asiyekufa kabla ya mwisho. Watanzania humwita steringi. Mwigizaji ni kazi, akta ni cheo, na lugha inawahitaji wote wawili.

Limebaki la msemeaji. Kibukusu, Kisabaoti na Kinandi vinamwitaje anayesimama kusema kwa niaba ya wengine? Kabla hatujaliidhinisha neno langu, ningependa majina hayo yaletwe na wenye lugha zao, tuyapime pamoja.