V. O. Key

Valdimer Orlando Key (1908–1963), mzaliwa wa Austin, Texas, alikuwa mwanasayansi wa siasa wa Marekani aliyefundisha katika vyuo vikuu vya Johns Hopkins, Yale na Harvard. Kitabu chake *Southern Politics in State and Nation* (1949) kilihusisha uhafidhina wa majimbo ya Kusini na mgawanyo wa wakazi: Wazungu wa kaunti zenye Weusi wengi ndio walioshikilia ubaguzi kwa nguvu zaidi. Kwa mfano, katika uchaguzi wa rais wa 1928 kaunti hizo zilibaki na Al Smith, mgombea wa chama cha Democratic, ingawa alikuwa Mkatoliki. *The Responsible Electorate* (1966), kilichotoka baada ya kifo chake, kinatetea kwamba wapiga kura si wajinga. Vitabu hivyo vingali nguzo ya utafiti wa uchaguzi.